Siku Niliyosema "Ninaye"

Habari ilinikuta nimeshika ungo. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni, hapa kwangu Mbeya, simu ikaita, na sauti ya kizee iliyotoka upande wa pili haikuniamkia wala kuniuliza hali. Ilisema tu, "Mtu wako ametangulia." Nilikata simu kwa kiwewe bila kujibu, kisha nikapiga tena kuomba radhi. Hata mchele uliokuwa kwenye ungo ulikuwa wa marehemu mwenyewe. Alinitumia kutoka Ubaruku, kama alivyofanya kila baada ya mavuno kwa miaka mingi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii haina mazoea ya kuwalilia watu wasiojulikana na magazeti. Marehemu huyu hakuwa kiongozi, hakuwa tajiri, wala hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa mtu niliyefahamiana naye tu, tukionana labda mara moja kwa miaka mitatu. Lakini kulikuwa na jambo kati yangu na yeye ambalo limenitia hofu tangu nikiwa na miaka tisa, na sasa ameondoka ameniachia peke yangu. Mimi ni mwoga, sijawahi kuficha hilo. Nimeogopa kuliandika wiki nzima, na leo naliandika nikiwa bado naogopa.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba yangu alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Mbeya kwenda Iringa, na mama alipolazwa hospitali kwa muda mrefu, hakukuwa na wa kuniangalia nyumbani. Baba akanipandisha kwenye lori, katikati ya magunia, akanishusha kwa rafiki yake aliyekuwa karani wa shamba la chai huko Mufindi, upande wa Igowole. Sijaisahau baridi ya siku ile. Nilikuwa mtoto wa mjini, nimeshafika darasa la pili, najua kusoma saa ya ukutani, na nilikuwa na maringo yangu. Nikaingia katika nyumba yenye watoto kumi na wawili, wa mwisho akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Mama mwenye nyumba, ambaye nami nilimwita mama tangu jioni ile, alinisogeza karibu na moto jikoni, akanipa kiazi cha moto nikishike kwanza mkononi kabla ya kula. "Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa Kihehe. "Hapa nafasi hakuna, lakini tunaenea." Na kweli, usiku ule nililala kwenye mkeka mmoja na wasichana wanne, na tukaenea.

Shule ya misheni ilikuwa mbali, ng'ambo ya msitu, na watoto wadogo hawakuiweza njia ile. Waliokwenda walikuwa wawili tu, kaka zao wenye miguu migumu, waliolala hukohuko wiki nzima na kurudi Ijumaa. Waliobaki walisomeshwa nyumbani na dada yao mkubwa, msichana wa miaka kumi na mitatu au minne hivi. Alikuwa amemaliza darasa la nne na kufaulu, lakini nafasi ya kuendelea kwa msichana haikupatikana, basi akageuzwa mwalimu wa wadogo zake, na sidhani kama kuna aliyemuuliza kama anataka. Ubao wetu ulikuwa ubavu wa sanduku la chai lililovunjika. Mbao zake zilikuwa nyeupe, kwa hiyo chaki yetu ilikuwa mkaa, na niliporudi mjini baadaye niliona kama shule nzima inaandika kinyume. Kengele hatukuwa nayo. Tahajia tuliisoma tukipukuchua mahindi, jedwali la kuzidisha lilikwenda na mapigo ya mchi kwenye kinu, na aliyekosea alipewa ungo wa maharage achague mawe huku wenzake wakiendelea. Ijumaa jioni wale kaka wawili waliporudi, dada aliwakalisha karibu na moto akawakamua yote waliyofundishwa wiki nzima, ili Jumamosi atulishe sisi. Walikuwa wakilalamika kwamba misheni kuna walimu wawili lakini mkali kuliko wote yuko nyumbani.

Hata hivyo kilichoishikilia nyumba ile hakikuwa ubao. Ilikuwa desturi yao ya mtu na mtu wake. Kila mtoto mkubwa alikabidhiwa mdogo mmoja: amwoshe miguu, amfundishe herufi, amshike mkono njiani. Wakitoka shambani, wakivuka mto, wakiingia ndani jioni, dada mkubwa aliuliza kwa sauti, "Kila mtu ana mtu wake?" na wakubwa wakajibu mmoja mmoja, "Ninaye!" Swali hilo lilitosha. Kuhesabu hakukuwapo, kwa sababu katika nyumba ile watu hawakuhesabiwa. Ukimhesabu mtu umemwitia balaa. Kabla sijafika, dada mkubwa alikuwa na watu wawili, maana wakubwa hawakutosha. Siku yangu ya pili mama alimchukua mmoja kati ya wawili hao, msichana wa miaka minne mwenye macho makubwa, akauweka mkono wake ndani ya mkono wangu. "Huyu ni mtu wako," aliniambia. Mkono ulikuwa wa baridi na unanata uji. Huyo ndiye tuliyemzika wiki iliyopita.

Jumamosi ya tatu au ya nne tangu nifike, dada alikuwa anafundisha kujumlisha, akaomba mfano. Nikaona nafasi ya kuwaonyesha watu wa msituni namna sisi wa mjini tulivyosoma. Kule Mbeya mwalimu alituhesabu kila asubuhi na hakuna aliyekufa. Nikasimama, nikanyoosha kidole, nikaanza kugusa vichwa, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili pamoja na changu, nikamalizia kwa yule wa mgongoni: "Kumi na tatu!" Nilitegemea nipigiwe makofi. Wadogo walikuwa wamejifunika vichwa kwa mikono. Sauti ya mahindi yakianguka kwenye beseni ilikuwa imekoma. Mmoja wa wale kaka wawili aliniambia polepole, bila hasira yoyote, na ndiyo maana niliogopa zaidi: "Umehesabu sisi kama mbuzi. Sasa mtu moja atapunguka." Mama akageuka kutoka motoni. Hakunigombeza. "Mwanangu, mahindi ndio inahesabiwa," alisema. "Mtu anaitwa jina." Akawaita wote kwa majina, mmoja baada ya mwingine, langu akaliweka mwisho, kisha akaendelea kusonga ugali. Lakini kabla ya kuushika tena mwiko alikuwa amekaza upya kanga ya yule wa mgongoni. Mchana ule tulikaa kula. Niliwaangalia mmoja mmoja nikijiuliza ni nani.

Alasiri tukatumwa wote kuokota mabanzi ya kuni msituni, mahali wapasua mbao walipofanyia kazi. Wapasua mbao wa siku zile walichimba shimo refu, wakalaza gogo juu yake, mmoja akasimama juu na mwenzake chini, wakavutana msumeno. Jumamosi alasiri walikuwa wameshaondoka, na mashimo yamebaki wazi. Tulikatazwa kuyasogelea. Nilipofunga mzigo wangu na kuutwika, mikono yote miwili ilikuwa juu, basi nikamwambia mtu wangu, "Shika kanga yangu, usiiachie." Akashika. Hapo ukungu ukashuka. Wasioijua Mufindi wanadhani ukungu ni kitu cha kupendeza kwenye picha. Ule ulimeza hata vidole vya miguu yangu mwenyewe. Nilitembea nikihisi kanga inavutwa kwa nyuma, na kila ilipovutwa nilifarijika. Tulikuwa hatujapiga hatua nyingi dada aliposimama huko mbele na kuita, "Kila mtu ana mtu wake?" Sauti ya kwanza ikajibu, ninaye. Ikafuata ya pili. Ikafuata ya tatu. Nikageuka kumwangalia wangu. Kilichokuwa kinavuta kanga yangu kilikuwa kijiti cha mwiba, kimenasa kwenye pindo na kuburuzika chini.

Nataka mwelewe muda niliokuwa nao. Ulikuwa muda wa pumzi moja. Sauti ya nne ikajibu, zamu ikawa yangu. Neno la kweli nililijua. Lakini neno hilo lingekuwa na maana kwamba mtu kweli amepunguka, na aliyempunguza ni mimi, mgeni, mwenye kidole. Niliona watanirudisha barabarani nikae peke yangu na baridi ile. Niliona baba ataambiwa, mwanao ameua mtoto wa watu. Nikajidanganya haraka kwamba yuko na mwingine, atakuwa amemfuata dada mkubwa, mtu wake wa zamani. Nikaitika, "Ninaye!" Niliitika kwa nguvu kuliko wote. Dada akasema, "Na mimi ninaye. Haya, twende." Tukaenda. Kutoka pale hadi nyumbani ulikuwa mwendo wa kama nusu saa, na mpaka leo nikiota vibaya, naiota njia ile: natembea na mzigo kichwani, nyuma yangu hakuna mtu, na bado siwezi kusimama.

Mama alikuwa mlangoni akipokea mizigo. Kila mtu aliingia na mtu wake. Mimi niliingia na mabanzi. "Mtu wako iko wapi?" aliniuliza. "Sinaye," nilisema. "Si uliitika?" dada aliuliza nyuma yangu, na sauti yake haikuwa tena ya mwalimu, ilikuwa ya mtoto mwenzangu aliyeshikwa na hofu. Baba karani akakimbilia kambi ya vibarua, wakatoka wanaume na mienge na madebe, wakaenda wakipiga madebe na kuliita jina lake msitu mzima. Sisi tulibaki jikoni tukisikiliza. Waliita, wakanyamaza kidogo wasikilize, wakaita tena. Hakuna kilichojibu. Hakuna pia aliyenitukana, na ningeshukuru kama wangenitukana. Mwishowe nikamsogelea mama nikamwambia ni mimi niliyefanya haya, ni kwa sababu niliwahesabu. Alikuwa amempakata mdogo, anayumba mbele na nyuma. Akanivuta kwake kwa nguvu mpaka nikaumia bega. "Unafikiri mimi sihesabu?" alinong'ona, wengine wasisikie. "Mimi kila siku nahesabu, kimoyomoyo, hata njiani kwenda kanisani. Mama gani hahesabu? Kuhesabu si kitu. Mbona ulisema unaye?"

Giza lilikuwa linaanza kuingia, madebe yakanyamaza ghafla. Sijapata kupita katika dakika mbaya kuliko ile, maana madebe hunyamaza akipatikana mzima na hunyamaza akipatikana amekufa. Tulikaa tukiutazama mlango. Akaletwa mgongoni kwa baba yake, mzima, amejaa unga wa mbao mpaka kwenye kope, goti limechubuka. Alikuwa ndani ya shimo la wapasua mbao, hatua chache kutoka pale dada alipoulizia, na wangempita kama mmoja wao asingeteleza ukingoni na kumulika chini. Alikuwa amekaa tu, hajalia, wala hakuitikia jina lake mara zote walizomwita. Aliuliza jambo moja: "Dada wa Mbeya yuko wapi?" Kesho yake watu walikwenda kuangalia, wakakuta nyayo za chui kwenye unga wa mbao kandokando ya shimo. Wazee wakasema kunyamaza kwake ndiko kulikomponya. Niliyashika maneno hayo kwa miaka mingi, kama dawa ya usingizi.

Mama yangu alipona, nikarudi Mbeya, na maisha yakatutawanya. Mtu wangu alisoma kwenye ubao wa sanduku la chai mpaka miguu yake ikaiweza njia ya misheni, akaendelea, akawa mwalimu wa darasa la kwanza, akaishia Ubaruku kwenye mashamba ya mpunga. Huko watoto huvuka mifereji kwenda na kurudi shuleni. Nilimtembelea akiwa karibu kustaafu, nikamkuta kwenye tuta la mfereji akiwaruhusu wanafunzi wake kwenda nyumbani. Walisimama wawiliwawili. "Kila mtu ana mtu wake?" aliuliza, nami nikasikia baridi mgongoni kwenye jua lile la Ubaruku. "Ninaye!" watoto wakapiga kelele. Kisha akafanya jambo ambalo kwao halikufanywa: akapita kwa kila wawili, akaigusa mikono iliyoshikana. "Hawa wakisema tu haitoshi," alinieleza. "Wengine waongo kama wewe." Akacheka sana, nami nikajilazimisha kucheka.

Tulipokaa kula, nilipata ujasiri wa kumwomba msamaha ambao sikuwahi kumwomba. Akanishangaa. "Lakini mimi nilikusikia, dada," alisema. "Niko chini mle, nimeanguka, nataka kulia. Nikasikia dada mkubwa anauliza. Nikasikia na wewe unasema unaye. Nikajua unaniona. Ndiyo maana sikulia. Hata wale wanaume walipoita sikuitika, nilikuwa nakungoja wewe." Alilisema hilo kama mtu anayesimulia kisa cha utotoni, akaniongezea mchuzi. Miaka yote nilidhani kosa langu lilikuwa kuificha hofu yangu. Kumbe nilimziba mdomo na yeye. Kama lile shimo lingekuwa na maji, angezama kimyakimya, akiniamini.

Tangu mchana ule nimekuwa mtu wa kushtuka kwa maneno ambayo wengine huyapita. Nikisikia kiongozi anasema hali ni shwari, naangalia nyuma yangu. Mwalimu mkuu anapoandika kwamba wote wapo, muuguzi anapomwambia ndugu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri kabla hajafika kitandani kwake, kijana anapompigia simu mama yake kijijini na kusema hajambo huku hajala tangu juzi, nasikia sauti ya mtoto wa miaka tisa ukunguni. Siku hizi tunahesabiwa sana. Mtoto ana namba ya mtihani, mgonjwa ana namba ya foleni, na mimi namba siiogopi tena. Mama yule aliniponya hofu hiyo kwa mnong'ono mmoja. Wala siwaambii turudi kwenye nyumba za watoto kumi na wawili. Mpango ule mzuri uligharimiwa na ujana wa msichana mmoja aliyefaulu na kubaki jikoni, na hata hivyo ulivunjwa na neno moja la uongo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia kwamba mara nyingi kifo hicho huwa cha mtu mwingine.

Tulimzika kwao, upande wa Igowole, siku ya manyunyu na ukungu. Dada mkubwa alikuwapo, anatembea kwa mkongojo. Ndiye aliyenipigia simu. Wa nyumba ile waliobaki ni wachache, nami nawataja kwa majina kila siku, kimoyomoyo, na sitaki kusema ni wangapi. Watu walipoanza kuteremka kutoka makaburini, njia ikiteleza na mbele hapaonekani, yule bibi akasimama, akageuka, akaita kwa sauti iliyokwisha nguvu, "Kila mtu ana mtu wake?" Wazee wenye mvi wakashikana mikono kama watoto. Ninaye, mmoja akasema. Ninaye, akasema mwingine. Zamu ikanifikia, na hofu ikaja ileile, haijazeeka hata kidogo. "Sinaye," nilisema. Hakuna aliyetembea. Dada akarudi kwa mkongojo wake mpaka niliposimama, akaushika mkono wangu. "Haya," alisema. "Leo umesema."

Ninalowaachia wasomaji wangu ni hilo tu. Mkono wako ukiwa mtupu, sema. Sema mapema na kwa sauti, hata kama utanyooshewa kidole, hata kama wewe ni mgeni na unaogopa kurudishwa barabarani. Hatua chache nyuma yako kuna mtu yuko shimoni, na anasikiliza utajibu nini ili ajue kama apige kelele.